Tembo Lisilotiwa Maji

Mtoto wa pwani huijua methali ya mgema kabla hajamwona mgema. Mimi niliisikia ikisemwa mahali pake hasa usiku mmoja Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye baraza ya kahawa baada ya sala ya isha. Kijana mmoja seremala alikuwa akimiminiwa sifa kwa mlango wa nakshi aliouchonga. Mzee mmoja, ambaye naamini hajapata kutia tembo kinywani tangu azaliwe, akangoja sifa zitulie, kisha akamwambia kijana polepole: “Mwanangu, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.” Kijana akainamisha kichwa. “Nimesikia, mzee wangu.” Mwuza kahawa akapitisha vikombe, mazungumzo yakaendelea. Hakuna aliyeona ajabu kwamba katika mtaa ambao tembo halinywewi, kipimo cha kazi njema na kazi mbovu ni tembo.

Mimi niliona, maana babu yangu mzaa mama alikuwa mgema huko Rabai. Alisifiwa maisha yake yote na hakulitia maji hata siku moja. Methali ile nimeibeba miaka mingi nikiigeuza huku na huku, na leo nina neno la kusema juu yake. Imemtaja mgema, ikamsahau mnywaji. Tembo huharibiwa na sifa za mtu asiyejua anachokisifu.

Tuanze juu, kwenye mnazi, kwa kuwa huko ndiko kazi iliko. Mnazi mrefu wa pwani hufika mita 20 na kupita, na mgema huukwea mara mbili au tatu kila siku iendayo kwa Mungu. Ili miguu ipate pa kukanyaga, shina hukatwa vidato, kimoja juu ya kingine, hadi kileleni. Neno hilo hilo tumelipeleka shuleni, na mtoto anayesema yuko kidato cha nne anataja ngazi ya mgema pasipo kujua. Napenda sana kwamba lugha yetu, ilipohitaji neno la kupanda katika elimu, ililifuata mnazini.

Kule juu mgema hatafuti nazi. Anatafuta karara ambayo bado haijapasuka, lile ganda gumu lililochongoka kama jambia, linalolifunika ua la mnazi. Ikiachwa itapasuka, ua litachanua na kushika vidaka, vidaka viwe vitale, vitale viwe madafu, madafu yawe makoroma, na mwisho nazi. Mgema huiwahi karara kabla safari hiyo haijaanza. Huifunga kamba kuanzia shinani hadi karibu na ncha, akaikaza, ili panda, lile shina la ua lililo ndani, lisipate nafasi ya kutanuka. Huikata ncha. Kisha huiinamisha kidogo leo, kidogo kesho, kwa kuwa ukiilazimisha huvunjika na kazi yote imekwenda bure. Siku kadhaa hupita pasipo kitu. Halafu asubuhi moja, pale penye jeraha, huonekana tone.

Karara inayogemwa haizai. Mwenye shamba lazima aamue: mnazi huu ni wa nazi, huu ni wa tembo. Ndiyo maana mgema mbovu ni hasara mara mbili, kwani amekukosesha nazi na tembo lenyewe hakukupa.

Nilipata kumwona babu akigema kwa karibu mara moja tu, kwenye kitamli, ule mnazi mfupi usiomtisha mtoto. Nilikwea nyuma yake. Kotama yake, kile kisu kilichopinda cha wagema, ilikuwa imenolewa miaka mingi hata ikapungua upana, na kila asubuhi aliijaribu kwenye nywele za mkono wake kabla ya kuondoka nyumbani. Alilishika panda kwa mkono wa kushoto kama mtu anavyomshika mgonjwa mkono. Akateremsha kibuyu cha usiku, akakiegemeza kifuani. Kisha akakata. Kipande kilichodondoka kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, cheupe, kibichi, kinanata. Hakukata tena. Alisogeza uso, akautazama mkato, akangoja mpaka matone matatu yafuatane, ndipo akatundika kibuyu kingine. Ukikata kipande kinene, aliniambia, panda litakwisha upesi. Ukikata chembamba kupita kiasi, mishipa haifunguki, jeraha linakauka, na tone halirudi. Panda moja lililogemwa na mkono mzuri hudumu wiki nyingi, likifupika siku kwa siku kama mshumaa.

Mwisho alikifunika kibuyu kwa kipande cha kilifu, ule utando wa makuti machanga uliosukwa na mnazi wenyewe kama kitambaa, ili kuzuia nyuki na mvua. Nikamuuliza mvua ina ubaya gani, si maji ya Mungu? “Mjukuu wangu,” akasema, “hata Mungu akiyatia, mnywaji atasema nimeyatia mimi.”

Tembo halipikwi. Hamira yake iko hewani, iko kwenye kibuyu, iko kwenye miguu ya nyuki. Majimaji yale hutoka yakiwa na sukari ya takriban sehemu 12 hadi 15 kwa 100, na huanza kuchachuka yangali juu ya mti. Baada ya saa chache kileo chake kimekaribia kile cha bia, sehemu 4 au 5 kwa 100. Siku ya pili uchachu umekishinda kileo, na baada ya hapo unachokishika ni siki. Kwa hiyo anayelinganisha tembo analinganisha saa kwanza, kabla hajalinganisha minazi wala wagema. La alfajiri ni tamu, limepoa, lina harufu ya ua na ya dafu, na halimlevyi mtu. La adhuhuri limesimama na povu, tamu yake imeanza kushikana na ukali, na linauma ncha ya ulimi kidogo kisha linaachia. La magharibi ni kali, kavu, halina mchezo. Lililolala ni la wenye kiu ya kulewa, na la wapishi.

Mimi hulipenda la adhuhuri lililogemwa alfajiri. Katika saa ile moja au mbili vitu viwili vinavyopingana hukaa pamoja mdomoni: sukari haijaondoka na kileo kimeshafika. Saa moja kabla yake ni kinywaji cha watoto, saa moja baada yake umeshachelewa.

Baada ya saa huja mambo mengine. Panda jipya hutoa tembo lililo tofauti na la panda linaloishia. Wakati wa masika kibuyu hujaa upesi lakini tembo lake ni jepesi, na kiangazi kibuyu hufika nusu tu, ila nusu ile ni nzito, ukidondosha tone kidoleni likakauka, vidole hushikamana. Babu alisema tembo la mchangani karibu na bahari lina ladha ambayo la udongo wa Rabai halina, na aliweza kuyatenga mawili hayo amefumba macho. Mimi nimejaribu mara nyingi. Mara nyingine napatia.

Sasa nitoke kidogo pwani, kwa sababu kuna mji mmoja wa mbali ulionifundisha kuielewa methali yetu. Mwaka 1838 wenyeji wa Plzeň, huko Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Ucheki, waliyatoa mapipa 36 ya bia mbovu wakayamwaga mbele ya jumba la mji wao. Walikuwa wamechoka. Kisha wakajenga kiwanda chao wenyewe na kumwita mpishi wa bia kutoka Bavaria, Josef Groll, ambaye tarehe 5 Oktoba 1842 alipika bia ya kwanza ya aina ile ambayo ulimwengu mzima sasa huiita kwa jina la mji huo, pilsner. Alikuwa na vitu vinne: kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto wa upole hata kisiungue wala kubadilika rangi, maua machungu ya hopsi kutoka upande wa Žatec, hamira ya Bavaria ifanyayo kazi kwenye baridi, na maji ya Plzeň ambayo ni laini mno, karibu hayana madini. Uji wa kimea huchotwa sehemu, ukachemshwa, ukarudishwa chunguni, na hivyo mara tatu. Kisha bia hulazwa wiki nyingi kwenye mapango baridi yaliyochimbwa chini ya ardhi. Ilipomiminwa, watu waliozoea bia nyeusi au ya tope waliona kitu cha rangi ya dhahabu kinachopenya mwanga, chenye povu jeupe juu.

Huwa wanamsifu Groll, na anastahili. Lakini mimi huwafikiria wale waliomwaga mapipa. Bila ya mdomo uliokataa, huyo Groll angeitwa kufanya nini?

Watoto wa bia ile wamejaa hadi Mombasa. Ukikaa kwenye baa yoyote ya Moi Avenue utaikuta chupa yenye simba iliyoandikwa Pilsner, na utaikuta Tusker yenye kichwa cha ndovu, bia iliyoanza kupikwa Kenya mwaka 1922. Mwaka uliofuata George Hurst, mmoja wa walioanzisha kampuni iliyoipika, aliuawa na ndovu mawindoni, na bia ikabeba ukumbusho wake. Kwa Mswahili picha ile ina maana mbili. Mnyama yule tunamwita tembo pia, na kwa hiyo bia mashuhuri ya nchi hii imebandikwa, pasipo mtu kukusudia, jina la kinywaji kilichoitangulia pwani kwa karne nyingi.

Rafiki yangu baharia aliwahi kuniletea chupa mbili za bia ya Plzeň yenyewe, Pilsner Urquell, nasi tukazipanga mezani pamoja na zetu. Mwuzaji wa hapa atakuuliza kwanza, “Baridi au moto?” Ukitaka kulinganisha, mwambie moto, kisha uipoze kidogo tu, kwa maana barafu huufisha ganzi ulimi na kila bia hufanana na mwenzake. Tuliyaona haya: zetu ni nyepesi, safi, zimetengenezewa joto, zinapita kooni upesi na kuondoka. Ile ya Plzeň ina mwili, ina harufu ya mkate unaotoka tanuri, na uchungu wake hauji mwanzoni. Unakuja ukishameza, unakaa pembeni mwa ulimi, unakuita urudie. Nilimwambia rafiki yangu kwamba ni uchungu wa kahawa ya Kibokoni, ule usiotaka sukari bali kipande cha kashata. Na povu lake zito! Wacheki hulienzi hata wana namna ya kumimina wanayoiita mlíko, yaani maziwa, ambapo gilasi nzima ni povu. Mnywaji wa tembo hawezi kuwacheka. Na sisi hulisoma povu kabla ya kuonja.

Vinywaji hivi viwili vimepishana katika jambo moja kubwa, nalo ni wakati. Pilsner hungoja gizani wiki kwa wiki. Tembo halikungoji hata ukamaliza kusali na kurudi. Yupi ana kazi ngumu zaidi, mpishi mwenye pango la baridi au mgema mwenye asubuhi moja tu? Mimi nasema mgema. Mpishi akikosea ana pipa jingine. Mgema hana pa kuficha, kila siku anaanza upya, na kosa lake la alfajiri linaonjwa adhuhuri.

Kisha kuna maji. Plzeň ilibarikiwa maji laini ikajenga sifa juu yake. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake yana chumvi. Ya kunywa huletwa kwa bomba, tangu chemchemi za Mzima huko Tsavo. Lakini mnazi husimama katika mchanga wa chumvi, ukayanywa maji, ukayapandisha mita 20, na kule juu yakatoka matamu. Hakuna mtambo wa kuchuja uliojengwa na binadamu ninaoustaajabia kama shina hilo. Ndiyo maana kulitia tembo maji ni zaidi ya kumwibia mtu kipimo. Ni kuyarudisha ndani yale ambayo mti ulitaabika kuyabadilisha. Na wazee wa mangweni, huko kwenye vilabu vya tembo, wanakwambia maji ya kisima hayajifichi: chumvi yake huonekana nyuma ya ulimi, palepale utamu unapoishia.

Tembo la kisiwani hutoka Rabai, Kaloleni na vijiji vya Kilifi, likija kwa matatu ndani ya mitungi ya plastiki, likavuka daraja la Makupa linachemka lenyewe. Kifuniko hakikazwi, kikikazwa kitaruka. Kuna mangwe moja nyuma ya Majengo nipitapo nikiwa na nafasi, viti vya mbao na kivuli cha mwembe, basi. Siku moja nilimkuta hapo mzee mmoja wa Kigiriama, kofia mkononi, mrija wake mwenyewe mfukoni, ule wa kienyeji wenye chujio mwishoni la kuzuia takataka. Mama mwenye mangwe akamwekea tembo kwenye kibuyu. Mzee hakunywa. Alikiinamisha, akaangalia povu lilivyorudi: lilirudi jembamba, likafa upesi. Akaitazama rangi. Tembo zima ni jeupe la maziwa, na hili lilikuwa limepauka, linaelekea rangi ya maji ya mchele.

“Mama, hili limegemwa lini?”

“Alfajiri, baba.”

“Alfajiri ya leo?”

Mama alinyamaza kidogo. Akakichukua kibuyu, akaingia ndani, akarudi na kingine. Mzee akainamisha tena, povu likapanda na kukaa. Akatia mrija, akavuta, akafumba macho. “Hili mgema wake namfahamu,” akasema. “Ni yule mwenye mkono wa kushoto.” Mama akacheka kwa furaha, maana ni kweli. Jinsi alivyojua sikumwuliza, na hadi leo najuta.

Nimeusimulia mkasa huu kwa sababu nadhani pale niliiona methali ikijibiwa. Kibuyu kile cha kwanza kilirudi. Kesho yake aliyeuleta mtungi ataambiwa, na aliyeugema ataambiwa, na maji hayataingia, angalau kwa wiki. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha mbao Majengo amenyoosha mkono hadi kwenye mnazi wa Kaloleni.

Siku hizi wanyoosha mkono kama yeye wamepungua. Tembo hutiwa maji, kisha sukari kufidia utamu, kisha hamira ya dukani kufidia povu, na mnywaji kijana, aliyezoea kuvipima vileo kwa wepesi wa kulewesha, hunywa na kusifu. Povu la hamira ya dukani ni kubwa lakini lina mapovu makubwa makubwa, nalo hunuka mkate. Utamu wa sukari hukaa mbele ya ulimi tu. Haya si mambo ya anasa. Nchi hii imezika watu waliokunywa vileo vilivyotiwa kemikali, na walio wengi walikunywa pasipo kuuliza kilichomo.

Kuna wanaosema ugema ufe tu, kijana aende mjini. Siwezi kuwaunga mkono. Kwa Wamijikenda tembo huenda na posa, huenda na mazishi, humwagwa chini kwa ajili ya koma waliotutangulia, na kazi kama hiyo haifanywi kwa chupa ya kiwandani. Tena ugema haupatikani kitabuni. Unene wa mkato uko mkononi, na mkono hufundishwa na mkono, juu ya mti, asubuhi.

Na wale wasiokunywa, kama yule mzee wa Kibokoni? Nao wamo. Nimemwona kwa macho yangu kwenye baraza ile ile akipokea kikombe cha kahawa kutoka kwenye dele la shaba, akaonja tone moja, akakirudisha pasipo neno kwa kuwa tangawizi imezidi. Mwuza kahawa hakuudhika. Alikimwaga, akamimina upya. Mzee huyo, aliyetuonya juu ya sifa, ndiye aliyekuwa anailinda kahawa ya mtaa mzima kwa ulimi wake. Laiti methali zingetungwa na wagema, ingekuwepo moja inayomhusu yeye.

Babu hayupo tena. Mnazi wake mrefu wa mwisho ungaliko Rabai, vidato vyake vingali wazi, na hakuna anayeukwea isipokuwa kwa nazi.

Basi, msomaji, ukifika Rabai au Kaloleni, au ukiketi chini ya mwembe huku kisiwani, nawe ni mtu wa kunywa, usianze kwa kusifu. Uliza limegemwa saa ngapi. Tazama povu, onja kidogo, ngoja utamu uishie uone kinachobaki. Likiwa na maji, lirudishe kwa adabu. Likiwa zima, mtafute aliyeligema umwambie ni zuri, na umwambie ni zuri kwa lipi.